Kupachika pointi kwenye kona ya reli ya mfano

Kona haina mahali paliponyooka, na pointi ya kawaida, yaani kipande cha reli kinachoigawa njia moja kuwa mbili, ina mguu mmoja ulionyooka kama rula. Ukizilazimisha zikae pamoja hivyo hivyo, kitakachoshindwa ni kiungio. Reli inafanya pembe ndogo pale mbili zinapokutana, jicho halioni, lakini gurudumu la mbele la injini linaona. Mabehewa mawili yanapita, la tatu linapanda reli, na lawama zote anabebeshwa mtengenezaji wa pointi. Mara nyingi pointi haina kosa.

Tukubaliane majina kwanza, maana kila mtu ana yake. Mdomo ni upande wa pointi wenye njia moja. Ndimi ni zile reli mbili nyembamba zinazosogea. Reli mama ni zile za nje ambazo ndimi huziegemea. Moyo ni pale penye umbo la V, reli mbili zinapokatana. Reli za ulinzi ni vipande vifupi vilivyo mkabala na moyo, vinavyoshika gurudumu la upande wa pili lisije likaingia njia isiyo yake. Mguu mnyoofu na tawi vinajieleza vyenyewe. Vipimo vyote hapa ni vya H0, yaani 1:87 kwenye njia yenye upana wa 16.5 mm. Mwenye N, 1:160 kwenye 9 mm, agawanye urefu kwa 1.84 hivi na hoja itabaki ileile.

Kabla ya kukata chochote, jiulize kama pointi haiwezi kusogea. Ukiihamisha mpaka pale kona inapoanzia, kwenye sehemu ambayo bado imenyooka, tatizo limekwisha. Pointi nyingi zilizo katikati ya kona ziliwekwa pale kwa sababu mchoro wa kwanza ulisema hivyo, na hakuna aliyeuuliza mchoro maswali. Kama banda, ukuta au ukingo wa ubao unakukatalia, endelea kusoma.

Ukubwa wa tatizo

Chukua pointi ya ukubwa wa kati ya Streamline, aina ya reli ya kampuni ya Peco: urefu 219 mm, tawi lenye nusukipenyo cha 914 mm, pembe ya nyuzi 12. Iweke kwenye kona yenye nusukipenyo cha 900 mm kwa kukata tu kipande cha kona na kuutumbukiza mguu mnyoofu pale. Mguu huo sasa ni uzi wa upinde. Kila mwisho wake unakutana na kona kwa pembe ya nyuzi 7 hivi. Ukijumlisha ncha mbili unapata nyuzi 14, zaidi ya zile 12 ambazo pointi yenyewe inazitumia kuachanisha njia mbili. Hakuna kukunja kwa vidole wala gundi kutakakoificha pembe hiyo. Injini fupi ya magurudumu manne itapita ikiyumba, na injini ndefu yenye ekseli sita itatoka.

Kwa hiyo kona ndiyo inayopaswa kuifuata pointi. Njia za kufanya hivyo ni chache, na hazina thamani sawa.

Acha tawi libebe kona

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwanza, na ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu watu wamezoea kwamba njia kuu ni lazima ipite mguu mnyoofu. Si lazima. Tawi la pointi ya kati linapinda kwa 914 mm. Kona yako ni 900 mm. Tofauti hiyo haina maana yoyote kwa behewa. Njia kuu ipite tawi, na njia ya pembeni itoke kwenye mguu mnyoofu kuelekea nje ya kona. Kona ikielekea kulia ukitazama kutoka mdomoni, unahitaji pointi ya kulia.

Kuna jambo moja la kujua. Tawi halipindi mwanzo hadi mwisho. Ukipima upinde wa nyuzi 12 kwa nusukipenyo cha 914 mm utapata 191 mm tu, na pointi ina 219 mm. Milimita zilizobaki, kama 28, ni sehemu zilizonyooka, hasa kwenye moyo. Hazileti madhara kwa treni, ila zinairefusha kona kidogo, na upande wa pili wa duara utakuwa umesogea kiasi hicho. Reli inayopindika inameza tofauti hiyo bila kelele. Vipande vya seti vyenye urefu maalumu havimezi, hapo utahitaji kipande kifupi cha kurekebisha.

Kikwazo cha njia hii ni kwamba njia ya pembeni inatoka nje tu. Ukiitaka iingie ndani ya kona, tawi lazima lipinde zaidi ya njia kuu, na hapo hesabu inakuwa kali.

Kunyoosha katikati, kubana pembeni

Ukitaka njia kuu ipite mguu mnyoofu, kona igawanywe mara mbili: nusu yake ya kwanza, pointi, kisha nusu ya pili. Viungio vyote vinabaki bila pembe, lakini kona sasa inadai nafasi kubwa zaidi. Ukiacha nusukipenyo kilekile kwenye kona ya nyuzi 90, pointi ya 219 mm itausukuma upande wa pili 155 mm kwenda mbele na 155 mm kwenda pembeni. Kwenye ubao uliokwisha jengwa, hiyo ni sawa na kuanza upya.

Dawa ni kupunguza nusukipenyo. Pointi ikiwa katikati kabisa ya kona, punguza urefu wake ukigawanywa kwa mara mbili ya sine ya nusu ya pembe ya kona. Kwa vitendo: kona ya nyuzi 180 inapoteza nusu ya urefu wa pointi, ya nyuzi 90 inapoteza urefu mara 0.707, ya nyuzi 60 inapoteza urefu wote, na ya nyuzi 45 inapoteza mara 1.3. Kona ya 900 mm na nyuzi 90 inashuka hadi 745 mm. Kona fupi ndiyo inayoumia zaidi, jambo ambalo wengi hulikadiria kinyume. Na hesabu hii ni ya katikati tu. Ukiisogeza pointi upande mmoja, nusu mbili hazilingani tena na mwisho wa kona hautui ulipotakiwa.

745 mm bado ni nzuri kwa mabehewa marefu. Ukiona jibu limeshuka chini ya 600 mm, achana na njia hii.

Pointi ya kona ya dukani

Pointi ambayo njia zake zote mbili zinapinda ndiyo suluhisho la wazi, na mara nyingi ndilo sahihi, lakini soma namba kwa uangalifu. Pointi ya kona ya Peco Streamline inaandikwa 1524 mm kwa nje na 762 mm kwa ndani, urefu 256 mm. Kwa kuwa moyo wake umenyooka, upinde hauko sawa kila mahali. Pale usiponyooka lazima ubane zaidi ili wastani utimie. Kata upinde wa kadibodi wa 762 mm, uweke juu ya reli ya ndani, na uangalie unaachana nayo wapi. Usiamini boksi.

Pointi za kona za vipande vya seti ni kitu kingine kabisa. Nyingi zina nusukipenyo kilekile kwa njia zote mbili, ila upinde wa nje umesogezwa mbele kwa kipande kinyoofu. Kwa reli ya C ya Märklin, pinde zote mbili ni 360 mm na umbali wa kusogea ni 77.5 mm, sawa na nafasi kati ya duara la kwanza na la pili. Zinafanya kazi nzuri mahali pake, yaani kuhama kutoka duara la ndani kwenda la nje. Ukizitia kwenye kona pana ya 900 mm unaweka kibano cha 360 mm katikati yake, na treni ndefu zitakuonyesha hilo mara ya kwanza tu zikipita.

Kuipinda pointi yenyewe

Inawezekana kwa pointi zenye mataruma (vile vipande vinavyokingama chini ya reli) ya plastiki laini, kwa kiasi. Kanuni ni rahisi na inafaa kukaririwa: upindaji unajumlishwa. Chukua 1 ugawanye kwa nusukipenyo cha tawi, jumlisha na 1 kugawanya kwa nusukipenyo cha kona, kisha geuza jibu. Pointi ya kati ya 914 mm ikipindwa kwenye kona ya 1500 mm na tawi likaenda ndani, tawi linakuwa 568 mm. Pointi kubwa ya 1524 mm kwenye kona hiyo hiyo inatoa 756 mm. Tawi likielekea nje unatoa badala ya kujumlisha: pointi ya kati inakuwa na tawi la 2340 mm linalopinda upande wa pili, karibu limenyooka. Ndiyo maana tawi la nje halisumbui kamwe.

Namna ya kufanya: igeuze pointi kichwa chini. Kata kwa kisu chenye ncha vile vijiti vya plastiki vinavyounganisha taruma moja na jingine, ukiacha mataruma ya eneo la moyo na yale mawili marefu yanayoshika upau wa kusogeza ndimi. Hayo yakilegea, ndimi hazitafunga tena. Bandika kwenye ubao karatasi iliyochorwa upinde unaoutaka, kisha ipinde pointi polepole juu yake ukiishikilia kwa pini pembeni mwa mataruma. Reli za ndani zitachomoza mwishoni, zikate zilingane.

Kiasi gani kinavumilika? Ukiweka rula kutoka mwisho hadi mwisho, pointi kubwa ya 258 mm ikipindwa kwa 1500 mm inajitenga na rula kwa 5.5 mm katikati. Kwa maoni yangu hapo ndipo mwisho wa busara, na milimita 3 ndizo za kulala usingizi. Moyo haupindiki, kwa hiyo upinde wote unabebwa na pande mbili zilizobaki, na ulimi wa nje ndio unaoanza kukataa kuegemea reli mama. Baada ya kupinda, pitisha geji, kipimo cha upana wa njia, kwenye kila taruma, hasa kati ya moyo na reli ya ulinzi. Upana hupungua hapo bila kutoa taarifa.

Mwenye uvumilivu wa kujenga pointi kwa mkono hahitaji ujanja huu wote. Programu ya Templot inachora pointi juu ya kona yoyote na kuichapa kwa ukubwa wake halisi, kila taruma likiwa mahali pake, na reli zinalehemiwa juu ya mchoro huo. Kwa kona yenye pointi tatu zinazofuatana ni kazi ya siku kadhaa, na matokeo yake hayapatikani dukani.

Mabehewa yanatanuka kwenye kona

Hapa watu husahau kwamba pointi kwenye kona inaleta njia mbili karibu karibu. Behewa la mita 26.4 lina 303 mm katika H0, na umbali kati ya vitovu vya bogi zake, vile vigari vya magurudumu vilivyo chini yake, ni kama 218 mm. Kwenye kona, tumbo lake linaingia ndani na ncha zake zinatoka nje. Tumbo ni mraba wa umbali wa bogi ukigawanywa kwa mara nane ya nusukipenyo. Kwa 762 mm linaingia 7.8 mm, na ncha zinatoka 7.3 mm. Ongeza upana wa behewa lenyewe, 32.5 mm, unapata 47.6. Njia za Streamline zinaachana kwa 50.8 mm, kwa hiyo mabehewa mawili yanapishana yakiachiana milimita 3.

Sasa shuka hadi 600 mm. Tumbo 9.9, ncha 9.2, jumla 51.6. Mabehewa yanagusana. Treni moja ikisimama kwenye tawi la ndani huku nyingine ikipita nje, utasikia mkwaruzo kabla ya kuona chochote. Kwenye kona kama hiyo tanua nafasi kati ya njia hadi 60 mm mara tu baada ya moyo, kabla pande mbili hazijawa sambamba.

Jambo jingine la hapo hapo: usiruhusu tawi linalopinda kulia lifuatwe papo hapo na kona ya kushoto. Weka kati yao kipande kinyoofu chenye urefu wa behewa refu kuliko yote uliyo nayo. Bila hicho, mabehewa mawili yanayofuatana yanaelekea pande tofauti, kulabu zinavutana kwa pembe, na ukisukuma treni kinyumenyume behewa jepesi la katikati linarushwa nje.

Kuipachika kwenye njia iliyokwisha lazwa

Kama kokoto zimegandishwa kwa gundi nyeupe, zilowanishe kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo na uache nusu saa. Zitafunguka kwa spatula bila kuvunja mataruma. Usichimbe.

Laza pointi juu kabisa ya njia ya zamani, katika mkao itakaokaa. Itazame kutoka juu, kisha shusha jicho hadi usawa wa reli na uitazame kwa urefu. Mkao ukikuridhisha, weka alama kwenye reli za chini kwa ncha ya kisu, pande zote mbili. Kata ukiacha nusu milimita zaidi ya alama, kisha maliza kwa tupa. Koleo la kukatia reli linaacha upande mmoja bapa na mwingine uliopondwa. Upande bapa wa koleo uelekee reli inayobaki. Diski ya mashine ndogo inakata kwa mshazari kwa sababu mwili wa mashine unagonga njia, kwa hiyo ncha ya reli lazima inyooshwe kwa tupa. Vaa miwani, diski hizo huvunjika na kuruka.

Ugumu halisi ni kuingiza kipande kati ya ncha mbili ambazo hazisogei. Kata vishikio vya reli kwenye mataruma mawili au matatu ya mwisho ya njia ya zamani, uchomoe mataruma hayo, na usukume kiungio chote, kile kibati kinachoshika ncha za reli mbili, kirudi nyuma kwenye reli hiyo mpaka ncha yake ilingane na ncha ya reli. Shusha pointi mahali pake. Kisha kwa koleo jembamba rudisha kiungio nusu yake kiingie kwenye reli ya pointi. Kikikataa, usikisukume kwa nguvu: chini ya reli kuna kijipande cha plastiki au ukingo mkali uliobaki baada ya kukata. Piga tupa ukingo wa chini wa kila reli kwa mshazari mdogo na kitateleza. Mataruma uliyoyachomoa yarudi mwishoni, yakiwa yamesuguliwa juu ili yapite chini ya kiungio bila kuiinua reli.

Pointi moja inahitaji viungio 6. Kama moyo wake ni wa chuma kitupu unaobeba umeme, viwili kati ya hivyo, vile vya reli za ndani zinazotoka kwenye V, viwe vya plastiki.

Usilehemu pointi kwenye njia. Ikiharibika utataka kuichomoa. Lehemu viungio vya reli inayopindika yenyewe kwa yenyewe, tena uvilehemu ikiwa bado imenyooka, ndipo uipinde.

Na hapa ndipo penye siri ya kona yote: reli inayopindika haitaki kupinda mwishoni. Sentimita mbili au tatu za mwisho hazina kitu cha kuzivuta, kwa hiyo zinanyooka zenyewe, na pembe inajitokeza kwenye kiungio ingawa mchoro wako ulikuwa sahihi kabisa. Chomoa reli kidogo kutoka kwenye mataruma, ipinde ncha yake kwa vidole juu ya mti wa mviringo mpaka ibaki na upinde bila kushikiliwa, uirudishe, ndipo uunge. Au uache 50 hadi 60 mm nyoofu baada ya kila mwisho wa pointi, upinde uanze hapo.

Kuikagua kazi hii hakuhitaji kifaa. Pitisha ukucha wa kidole gumba upande wa ndani wa reli, kutoka kona kuelekea pointi, kisha kurudi. Ukucha ukikwama, gurudumu litakwama. Fanya hivyo kwa reli zote mbili, na juu ya reli pia, maana kiungio kilichoinuka robo milimita kinatosha kulirusha behewa tupu. Kisha sukuma behewa moja refu kwa kidole, polepole, kinyumenyume, kupitia kila njia.

Kama umeinua reli ya nje ya kona ili treni ilale kidogo, mwinuko huo uishe kabla ya mdomo wa pointi kwa angalau urefu wa behewa moja. Pointi inataka kukaa bapa. Ubao ukipindapinda chini yake, gurudumu moja la bogi linaning'inia hewani pale hasa penye pengo la moyo.

Ndimi, mota na umeme

Tundu la pini ya mota inayosogeza ndimi litobolewe chini ya upau wa ndimi kabla pointi haijalazwa. Kipenyo cha 10 mm kinatosha, lifunike kwa karatasi ngumu yenye mfereji ili kokoto zisianguke ndani. Kwenye kona, makosa ya kawaida ni kuipanga mota sambamba na ukingo wa ubao. Ipange kwa kufuata mwelekeo wa njia pale mdomoni, vinginevyo pini inavuta upau kwa mshazari na ulimi mmoja unabaki wazi nusu milimita. Mota ya koili inapiga kwa nguvu na pointi inabaki na springi yake. Mota inayosogea polepole kama Tortoise, au servo, inataka springi hiyo itolewe.

Moyo unaobeba umeme unahitaji swichi ya njia mbili inayobadilika pamoja na ndimi: waya wa katikati kwenye moyo, wa pembeni mmoja kwenye kila reli mama. Tortoise ina swichi mbili za aina hiyo ndani yake. Ukipata shoti kila pointi inapogeuzwa, badilishana waya mbili za pembeni. Shoti inayotokea tu treni inapopita ni kitu kingine: mgongo wa gurudumu unagusa ulimi ulio wazi. Kwenye kona hutokea zaidi kwa sababu magurudumu yanasukumwa nje. Pima kwanza nafasi kati ya migongo ya magurudumu, iwe takriban 14.4 mm. Ikiwa ni sahihi, unganisha kila ulimi kwa waya mwembamba na reli mama yake, na ukate njia ya umeme kati ya ndimi na moyo. Baada ya hapo mguso huo hauna madhara, na pia hutegemei tena ncha ya ulimi iliyojaa vumbi kupitisha umeme.

Ikiendelea kutoa treni

Angalia inatoka wapi hasa. Ikitoka mdomoni, ukingo wa gurudumu unapanda ncha ya ulimi: piga tupa ncha hiyo upande wa ndani mpaka iwe nyembamba kama wembe na ishuke kidogo chini ya kichwa cha reli mama, halafu pitisha ukucha. Usiguse upande unaoegemea reli mama. Ikitoka kwenye moyo, na ni behewa lilelile kila mara, pima magurudumu yake. Ikiwa ni mabehewa mbalimbali, reli ya ulinzi iko mbali mno: bandika kipande cha plastiki cha 0.25 mm kwenye uso wake ulio karibu na reli mama, jaribu, na ongeza kingine ikibidi. Ikitoka sentimita kumi baada ya pointi, rudi kwenye kiungio.

Kokoto zisubiri mpaka treni ndefu kuliko zote iwe imepita kila njia mara kadhaa, mbele na nyuma. Kabla ya kumwaga gundi, tia tone dogo la mafuta yasiyodhuru plastiki chini ya upau wa ndimi, uache mataruma mawili ya pale bila gundi, na uwe unazigeuza ndimi kila baada ya dakika chache mpaka gundi ikauke.